Baiskeli ya Milimani Inapogomea Vikwazo: Dalili, Sababu na Marekebisho

Malalamiko ya waendeshaji wa baiskeli za milimani hufanana mno, iwe wanapita juu ya mizizi ya msitu wa Karura, kwenye vijia vya Usambara juu ya Lushoto, au katika vumbi la Hell's Gate karibu na Naivasha. Mmoja husema kila gogo humtupa mbele, mwingine kwamba gurudumu la nyuma hukataa kupanda jiwe ambalo la mbele limelivuka bila shida, na wa tatu kwamba breki humwishia mikononi kabla mteremko haujaisha. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulizwa, na ukaguzi mwepesi umewekwa kabla ya ule unaohitaji zana au fundi. Ieleweke tangu mwanzo kwamba kosa kwa kawaida hufanyika katika mita chache za kukikaribia kikwazo, ingawa adhabu yake hulipwa juu ya kikwazo chenyewe. Kwa hiyo anayechunguza tu kile kilichotokea juu ya gogo atakuwa amechelewa.

Ukaguzi wa kwanza: baiskeli yenyewe

Usianze kuulaumu mwili kabla ya kuondoa mashaka kwenye baiskeli, na hapo upepo wa tairi ndio wa kwanza. Tairi lililojazwa kwa kompresa ya kando ya barabara, pale bodaboda zinapojaziwa, mara nyingi hutoka likiwa na psi 50 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) au zaidi, kiasi kinachofaa lami tu. Juu ya mizizi na mawe tairi gumu hudunda badala ya kujikunja na kushika, na mwendeshaji hudhani kwamba amekosa ustadi. Mtu mzima wa kilo 65 hadi 80, mwenye tairi la upana wa inchi 2.1 hadi 2.4 lenye tyubu ndani, aanze na psi 28 hadi 32 mbele, na aongeze mbili nyuma. Kwa tairi lisilo na tyubu, psi 20 hadi 26 hutosha. Kubonyeza kwa kidole gumba hakuwezi kupambanua psi 25 na 40. Kipimo kidogo cha upepo ndicho kifaa cha kwanza ninachoshauri kinunuliwe, kabla ya glavu na hata kabla ya pedali nzuri.

Cha pili ni kimo cha kiti. Kiti kilichopandishwa kwa ajili ya barabara, ambapo mguu hukaribia kunyooka pedali inapokuwa chini, huzuia nyonga kusogea nyuma na chini wakati wa kuvuka kikwazo. Kishushe sentimita 5 hadi 10 kabla ya kuingia kwenye sehemu ngumu, ukirejeshe juu kwa ajili ya kupanda milima. Chora alama kwenye nguzo ya kiti ili usikisie kila mara.

Kisha bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mgongano mdogo kwenye shingo ya usukani, beringi zake zimelegea na zikazwe kabla ya safari. Hakikisha pia kwamba wenzo wa kufungia gurudumu umefungwa kwa nguvu inayoacha alama kwenye kiganja. Kwa baiskeli yenye shokapu mbele, simama juu yake ukiwa umevaa mzigo wako wote kisha ushuke polepole: ile pete ya mpira iliyo kwenye mguu wa foku (uma unaoshika gurudumu la mbele), au kamba nyembamba uliyoifunga hapo, ioneshe kwamba shokapu ilibonyea kati ya asilimia 20 na 30 ya mwendo wake wote, yaani milimita 20 hadi 30 kwa shokapu ya milimita 100. Shokapu isiyobonyea kabisa ni ya kawaida kwenye baiskeli za mitumba zilizokaa bila kuhudumiwa, na kwa vikwazo ni heri foku isiyo na shokapu kabisa, kwa kuwa uzito wake ni mdogo na haidanganyi.

Marekebisho yote yanayofuata yanamchukulia mwendeshaji kuwa yuko katika mkao wa tayari. Amesimama juu ya pedali, krenki zote mbili (mikono inayoshika pedali) ziko usawa, visigino vimeshuka kidogo, magoti na viwiko vimekunjwa, viwiko vimetanuka nje, kidole kimoja tu kiko kwenye kila mkono wa breki, na uzito uko miguuni. Mikono inaongoza tu. Kipimo chake ni rahisi: ukiweza kuvifungua viganja kwa nukta moja bila kuanguka mbele, uzito uko mahali pake.

Dalili ya kwanza: unatupwa mbele juu ya usukani

Hii ndiyo inayovunja mifupa, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Wengi waliowahi kutupwa husema walikuwa na kasi mno. Ukiwauliza kwa makini, utakuta wengi wao walikuwa na kasi ndogo, wakabana breki gurudumu la mbele likiwa tayari limeligusa jiwe.

Sababu inayoongoza ni hiyo: breki ya mbele kubanwa juu ya kikwazo. Gurudumu linalozunguka hupanda jiwe; gurudumu lililobanwa husimama hapo, na mwili huendelea na safari. Dawa yake ni kumaliza kazi ya kupunguza kasi kabla ya kikwazo, kwenye ardhi tambarare au angalau iliyo kavu, kisha kuziachia breki zote mbili gurudumu la mbele linapokaribia kugusa. Jizoeze kwa kuchora mstari ardhini mita tatu kabla ya gogo dogo na kujiwekea sharti kwamba breki haiguswi baada ya mstari huo. Mazoezi haya yanachosha akili kuliko mwili, kwa maana silika yote ya binadamu inakwambia ubane.

Sababu ya pili ni mikono iliyonyooka na kukakamaa, huku uzito ukiwa umeegemea usukani. Mshtuko wa gurudumu hupanda moja kwa moja hadi mabegani na kumsukuma mtu mbele. Anayerejea kwenye mkao wa tayari ulioelezwa hapo juu hupona kosa hili bila zana yoyote.

Ya tatu inahusu mkono gani unavuta breki ipi, na katika ukanda wetu nadhani haizungumzwi vya kutosha. Baiskeli nyingi za milimani zinazouzwa katika miji ya Afrika Mashariki ni za mitumba. Kwa desturi ya Uingereza na Japani mkono wa kulia huvuta breki ya mbele, ilhali baiskeli zilizofungwa kwa ajili ya Ujerumani, Uholanzi au Marekani huvuta ya mbele kwa mkono wa kushoto. Mtu aliyezoea desturi moja akinunua baiskeli ya desturi nyingine hutembea nayo barabarani kwa miezi bila kugundua, kwa sababu barabarani hubana zote mbili kwa upole. Siku anapohitaji kuigusa ya nyuma peke yake juu ya mteremko wa mawe, huishika ya mbele. Isukume baiskeli kwa mkono na ubane mkono mmoja wa breki: gurudumu litakalosimama ndilo jibu. Breki za kebo hubadilishwa upande na fundi yeyote kwa muda mfupi. Breki za mafuta huhitaji fundi anayejua kutoa hewa kwenye mirija, kwa hiyo usizifungue nyumbani ukidhani ni kazi ya spana tu.

Sababu ya nne ni kasi ndogo kupita kiasi. Kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, gurudumu halina nguvu ya kupanda jiwe la kimo cha ngumi, na husimama hata bila breki. Mwendo wa mtu anayekimbia taratibu hutosha kwa vikwazo vingi vidogo. Usiuongeze mwendo huo mahali usipoona mbele, hasa kwenye vijia vya milimani vinavyotumiwa na watu waliobeba kuni, maji na watoto; wao ndio wenyeji wa njia, na kengele hugharimu pesa kidogo.

Ukaguzi wa mwisho kwa aliyejaribu yote haya ni shokapu inayobonyea hadi mwisho kila inapogusa jiwe. Ile pete ya mpira ikikutwa juu kabisa ya mguu wa foku baada ya kila safari, ongeza hewa kwa pampu maalumu ya shokapu. Kompresa ya tairi haifai hata kidogo, kwa maana chumba cha hewa cha shokapu ni kidogo na hushika presha kubwa, na kompresa inaweza kukijaza kupita kiasi kwa sekunde moja. Shokapu inayovuja mafuta kwenye mguu wake, au inayobonyea na kuchelewa kurudi, ipelekwe kwa fundi. Usiifungue mwenyewe kabla presha haijatolewa yote, kwa sababu vipande vyake vinaweza kufyatuka na kumjeruhi aliyeinama juu yake.

Dalili ya pili: gurudumu la mbele limevuka gogo, la nyuma limekwama

Hapa mwendeshaji amejifunza nusu ya kazi. Anajua kuinua gurudumu la mbele, na amebaki nyuma akistaajabu.

Sababu ya kawaida ni uzito uliobaki nyuma. Ili kuinua gurudumu la mbele alisukuma nyonga nyuma, kama ipasavyo, lakini hakuzirudisha. Kwa hiyo uzito wake wote uko juu ya gurudumu la nyuma wakati ambao gurudumu hilo linahitaji kuwa jepesi. Tendo zima lina hatua mbili zinazofuatana bila kusita, na inafaa lielezwe polepole.

Karibia gogo ukiwa umesimama juu ya pedali, mguu wako wenye nguvu ukiwa mbele na krenki yake imeinuka kidogo kupita usawa. Gurudumu la mbele likibakiza kama nusu mita, kunja viwiko na magoti kwa pamoja ili kifua kishuke kuelekea usukani na matairi yabonyee. Papo hapo nyoosha mikono, sukuma nyonga nyuma, na ukanyage pedali nusu mzunguko. Gurudumu huinuka kwa sababu uzito umerudi nyuma na pedali imesukuma. Anayelivuta kwa misuli ya mikono peke yake huchoka mapema na kulinyanyua upande mmoja. Gurudumu la mbele likishatua juu ya gogo au nyuma yake, usukume usukani mbele, leta nyonga juu ya ekseli ya pedali, na ukunje magoti ili baiskeli ipande kuelekea kwako badala ya wewe kuielemea. Gurudumu la nyuma likigusa gogo wakati huo, hupanda lenyewe kwa mwendo uliobaki.

Sababu ya pili ni mwendo ulioisha kwa sababu ya kuacha kukanyaga mapema, au gia nzito mno inayokataa ule mzunguko nusu wa mwisho. Chagua gia ya kati kabla ya gogo. Kubadilisha gia huku ukikanyaga kwa nguvu zote juu ya kikwazo ndiko kunakokata minyororo.

Ya tatu ni gogo kuwa kubwa kuliko nafasi iliyo chini ya baiskeli. Pima kutoka ardhini hadi chini ya meno makubwa ya mbele: kwa baiskeli nyingi utapata kati ya sentimita 20 na 26, kutegemea ukubwa wa meno. Gogo linalozidi kimo hicho litagonga meno hata kama ustadi ni mzuri. Kulivuka kunahitaji gurudumu la nyuma pia liruke, na ufundi huo hujifunzwa vizuri zaidi mbele ya mkufunzi kuliko peke yako msituni. Mpaka utakapoujua, shuka na uibebe. Au rundika matawi mazito pande zote mbili za gogo yawe mwinuko, mradi mwenye msitu anaruhusu.

Meno yaliyogonga gogo yakaguliwe palepale. Jino lililopinda huangusha mnyororo katika mwinuko unaofuata, na kosa hilo huhesabiwa kimakosa kuwa la gia.

Dalili ya tatu: gurudumu linateleza juu ya mizizi iliyolowa

Msimu wa masika, mizizi iliyochubuliwa gome na nyayo za watu huwa laini na haina mshiko hata kidogo, na udongo mwekundu wa nyanda za juu huongeza utelezi kuizunguka. Jambo la msingi ni kukubali kwamba juu ya mzizi wa namna hiyo tairi halitashika, na hivyo usidai lifanye kazi yoyote hapo.

Anayeteleza mara nyingi amegusa mzizi kwa pembe. Mzizi unaokatiza njia kimshazari huliburura gurudumu la mbele kufuata urefu wake, na baiskeli huondoka pembeni haraka kuliko mtu anavyoweza kutoa mguu. Tafuta mahali ambapo unaweza kuukata mzizi kwa pembe mraba, hata kama itakulazimu kuzunguka upande wa pili wa njia mita tano kabla. Mizizi ikiwa mingi na yote imelala kimshazari, liinue kidogo gurudumu la mbele juu ya ule mbaya zaidi na uache mingine ipite.

Wanaofuatia ni wale wanaobana breki, wanaokanyaga pedali kwa nguvu, au wanaolaza baiskeli kona wakiwa juu ya mzizi. Matendo haya matatu hudai mshiko, na mshiko haupo. Geuza baiskeli kabla au baada. Juu ya mzizi wenyewe iwe wima, ikiserereka kwa mwendo iliokuja nao. Wengine huteleza kwa sababu wanautazama mzizi. Macho yakishuka kwenye gurudumu, mabega hukakamaa na usukani hutetemeka. Yaelekeze mahali njia inapotokea upande wa pili.

Marekebisho ya kina zaidi ni ya tairi. Punguza psi 2 kwa wakati mmoja hadi ushike, lakini usiteremke hadi rimu ianze kugonga mawe. Tairi ambalo vinundu vyake vya pembeni vimelika hadi kuwa mviringo halifai tena mbele; lihamishie nyuma na uweke jipya mbele, kwa maana kuteleza kwa gurudumu la nyuma huleta aibu, na kuteleza kwa la mbele huleta plasta.

Udongo mweusi wa mbuga ukilowa ni jambo jingine kabisa. Hunata mpaka gurudumu lisiweze kuzunguka ndani ya foku, na hakuna ufundi wa mwili unaolitatua. Ukilazimisha pedali, matope yatauvuta mkono wa gia wa nyuma ndani ya spoku na kuuvunja. Beba baiskeli au rudi ulikotoka.

Dalili ya nne: kwenye mwinuko wenye mawe, mbele panainuka au nyuma panazunguka bure

Malalamiko haya mawili yana chanzo kimoja. Gurudumu la mbele likiinuka, uzito uko nyuma mno. La nyuma likizunguka bure, uko mbele mno. Kaa kwenye ncha ya mbele ya kiti, inamisha kifua, shusha viwiko karibu na magoti, na usogeze nyonga sentimita moja moja mpaka magurudumu yote mawili yatulie. Anayesimama wima juu ya pedali kwenye changarawe hulinyima gurudumu la nyuma uzito wake, hasa kama tairi lina upepo mwingi.

Gia nyepesi kuliko zote nayo hudanganya. Kila mkanyago hutoa nguvu ya ghafla inayochimba udongo. Panda gia moja juu na uzungushe pedali kwa mfululizo ulio sawa, kisha ongeza msukumo mfupi gurudumu la mbele linapofika kwenye jiwe.

Dalili ya tano: pedali zinagonga mawe

Pedali ikiwa chini kabisa hubakiza takribani sentimita 15 tu kutoka ardhini katika baiskeli nyingi, na shokapu ikibonyea nafasi hiyo hupungua zaidi. Kwa kawaida kosa ni kuendelea kukanyaga mzunguko kamili katikati ya mawe. Zungusha nusu mbele na nusu nyuma, krenki zikikaribia usawa wakati wote, mpaka mawe yaishe. Katika mtaro uliochimbwa na maji ya mvua, ambapo kuta mbili huinuka pande zote, usikanyage kabisa. Ingia ukiwa na kasi ya kutosha kutokea upande wa pili. Kama pedali hugonga hata ukiserereka, chunguza ubonyeaji wa shokapu.

Pedali iliyogonga kwa nguvu na sasa inazunguka kwa kuyumba ina ekseli iliyopinda. Ibadilishwe kabla haijakatika chini ya mguu.

Dalili ya sita: unaposhuka kwenye ukingo, pua ya baiskeli inaanguka kwanza

Ukingo wa jiwe au wa udongo uliomomonyoka, wenye kimo cha nusu mita hivi, humtisha mtu akasogea nao polepole mno. Gurudumu la mbele huvuka ukingo na kuning'inia huku la nyuma likiwa bado juu, na baiskeli huinama. Kwa ukingo mfupi kuliko nusu ya kipenyo cha gurudumu, teremka tu ukiwa chini na nyonga nyuma, ukiufuata usukani kwa mikono inayonyooka taratibu. Kwa uliozidi hapo, ingia kwa mwendo wa kukimbia, na gurudumu la mbele linapofika kwenye ukingo sukuma usukani mbele na chini kidogo, miguu ikiisukuma baiskeli itangulie, ili magurudumu yote mawili yaondoke na kutua karibu kwa wakati mmoja. Usivute usukani kwa nguvu kifuani, kwani gurudumu la nyuma litatua peke yake na kukurusha.

Hata hivyo, sababu ninayoipa uzito zaidi ni kutoutazama ukingo kwa miguu kabla ya kuupanda kwa baiskeli. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mbio za baiskeli za milimani zilizofanyika Izu tarehe 26 Julai 2021, Mathieu van der Poel wa Uholanzi, mmoja wa waendeshaji stadi kuliko wote duniani, aliufikia ukingo wa jiwe akitarajia kukuta ubao wa kuteremkia uliokuwepo wakati wa mazoezi. Ubao ulikuwa umeondolewa, naye akaanguka vibaya akiwa miongoni mwa walio mbele. Kilichomponza ni taarifa iliyopitwa na wakati. Vijia vyetu hubadilika kila mvua inaponyesha: ngazi uliyoivuka Jumapili iliyopita inaweza kuwa na kimo maradufu leo, na pa kutulia pakawa pamechimbika. Simama, shuka, tazama mahali pa kutua, kisha urudi.

Acha kabisa kama mahali pa kutua hapaonekani, kama pana kona mara baada ya kutua, au kama fremu ina ufa popote pale karibu na shingo ya usukani. Ufa wa rangi na ufa wa chuma hufanana kwa macho. Fundi wa fremu ndiye wa kuamua, na fremu ya kaboni isiunganishwe kwa gundi ya nyumbani.

Dalili ya saba: breki zinaisha na mikono inakufa ganzi

Katika mteremko mrefu, mikono huchoka kwa sababu breki zinabanwa kidogo kidogo bila kuachiliwa. Diski hupata moto, pedi hupoteza ung'ato, na mwendeshaji hubana zaidi. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi penye mshiko, kisha achia diski zipoe. Sogeza mikono ya breki kutoka kwenye ncha za usukani kuelekea katikati, kwa kiasi ambacho kidole kimoja kitafika kwenye ncha ya mkono wa breki kwa starehe.

Kama mkono wa breki unafika hadi kwenye usukani, tazama kwanza pedi: zikibaki na unene wa milimita 1 au chini yake, bila kuhesabu bati lake, zibadilishwe. Pedi zikiwa nzima, kuna hewa kwenye mirija au mafuta yanavuja. Hapo safari imekwisha. Teremka kwa miguu. Fundi aulizwe mapema anatumia mafuta gani, kwa sababu breki za Shimano hutumia mafuta ya madini na nyingine nyingi hutumia ya DOT, aina tofauti ya mafuta ya breki, na kuyachanganya huharibu mipira ya ndani. Breki inayopiga kelele na kukosa nguvu baada ya mnyororo kupakwa mafuta imechafuliwa: safisha diski kwa spiriti, na kama pedi zimenywa mafuta, nunua nyingine. Pedi mpya hutaka kuzoezwa kwa kupunguza kasi mara 20 hadi 30 kwenye barabara tulivu kabla ya kuaminiwa mlimani.

Dalili ya nane: pancha za mara kwa mara baada ya mawe

Toa tyubu na uitazame. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni ya rimu kuibana tyubu juu ya jiwe, maana yake upepo ni mdogo au uliligonga jiwe ukiwa umekaa kitini. Tundu moja dogo ni la mbigili au mwiba wa mgunga. Papasa ndani ya tairi uutoe, la sivyo tyubu mpya itatoboka kabla hujafika nyumbani. Kwa maeneo yenye miiba mingi, tairi lisilo na tyubu lenye maji ya kuzibia ndani hulipa gharama yake. Rimu iliyobonyea mdomoni inaweza kunyooshwa na fundi mara moja, iliyopasuka haitengenezwi.

Baada ya kuanguka: mahali pa kusimamisha kila kitu

Kagua mtu kabla ya baiskeli. Aliyepoteza fahamu hata kwa nukta chache, anayetapika, anayeuliza swali lilelile mara kwa mara, au ambaye kichwa kinazidi kumuuma, asipande tena siku hiyo na apelekwe hospitali akiwa na mtu wa kumtazama. Mwenye maumivu ya shingo au ganzi mikononi na miguuni asisogezwe na watu wasiofunzwa, isipokuwa kama kubaki hapo kunamweka katika hatari kubwa zaidi.

Majeraha mawili hupuuzwa mno na waendeshaji wa milimani. La kwanza ni maumivu katika shimo dogo lililo chini ya kidole gumba baada ya kutua kwa kiganja: huenda mfupa mdogo wa kifundo umevunjika, na picha ya kwanza ya eksirei inaweza isiuoneshe, kwa hiyo maumivu yakiendelea daktari arudiwe. La pili ni ncha ya usukani kugonga tumbo. Ngozi inaweza kuonekana nzima kabisa huku wengu au ini likivuja damu ndani, na dalili zikachelewa kwa saa kadhaa. Tumbo linalozidi kuuma au kukaza, kizunguzungu, au maumivu yanayopanda hadi bega la kushoto ni sababu ya kwenda hospitali usiku huohuo. Ncha za usukani zisizo na vifuniko huongeza hatari hiyo, na kifuniko ni cha bei ndogo kuliko kitu kingine chochote kilichotajwa hapa.

Helmeti iliyopokea pigo la kichwa isivaliwe tena, hata kama ufa hauonekani kwa nje, kwa sababu povu lake la ndani hubonyea mara moja tu.